Kayamba kwenye mchanga wa Illinois

Mara ya kwanza nilikiona mwezi wa 7, kimmea kisichonifika hata gotini, kimejiotea kwenye mchanga mtupu wa Mason County, Illinois, upande ambao mpaka dungusi zinaota. Kiua kimoja cha manjano, kidogo kama ukucha. Nikapiga picha ya ua tu, programu ya simu ikanitajia mmea mwingine wa jamii ya kunde, nao wa msimu mmoja, nao mpenda mchanga. Nikaamini. Uvivu wangu: sikutazama majani. Huo mwingine majani yake yako kama ya mkwaju, vijani vingi vimejipanga pande mbili. Changu kilikuwa na jani moja moja, refu, lenye vinyweleo.

Mwezi wa 9 nikapita palepale. Kiatu kikagusa kitu, kikalia chakacha! Nikasimama. Mimi mtoto wa Songea, sauti ile naijua. Ndivyo marejea yaliyokauka, mimea ile tunayolima kurutubisha udongo, yanavyolia ukikatiza shambani. Nikainama. Maganda meusi yaliyotuna, sentimita 2 hadi 3, mbegu zimeshaachia ndani. Kayamba kabisa.

Basi nikajua ni ukoo wa marejea, Crotalaria. Lakini ndugu yupi? Marejea yetu hubeba majani matatu matatu kwenye kikonyo, na hunipita kimo.

Nikapiga magoti na lenzi. Jibu halikuwa kwenye ua wala ganda, lilikuwa kwenye shina. Chini ya majani ya juu kuna vijani viwili vilivyogandana na shina: juu vimetanuka na kutoa ncha mbili, chini vimechongoka. Ukitazama vizuri ni kichwa cha mshale kinachoelekea ardhini. Majani ya chini hayana, ndiyo maana ukiangalia haraka hukioni. Crotalaria sagittalis, na sagitta kwa Kilatini ni mshale. Ni mwenyeji wa Marekani hasa, ingawa wafugaji wa farasi hawautaki, una sumu inayoharibu ini.

Sikuchuma. Nilimpigia mama, kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikasogeza simu kwenye ganda nikalitikisa.

“Mama, hiki nini?”

“Marejea hayo. Kwani na huko wanalima?”

“Hapana mama, yamejiotea.”

“Mafupi?”

“Mafupi sana.”

“Mchanga huo,” akasema. “Hauna mbolea.”