Sketi ya kupandia mlima wa Ipogolo

Usiku ule nguo zangu zote za kazini zilikuwa zimetandazwa kitandani, na hazikuwa nyingi: sketi mbili ndefu, blauzi tatu, sweta la kijani la mitumba nililolinunua Mashine Tatu, na koti zito la sufu lililoachwa na marehemu mume wa shangazi yangu. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na taa ya chemli mkononi. Alizitazama zile nguo kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mboga sokoni akijua hela aliyonayo haitoshi.

"Kesho wanakuja saa ngapi hao wakaguzi?" akaniuliza.

"Saa mbili, shangazi."

"Basi una saa kumi na moja za kuamua."

Ilikuwa Julai 2008, muhula wa pili umeanza, na mimi nilikuwa na wiki ya tatu tangu niripoti kituo changu cha kwanza cha ualimu. Shule ilikuwa juu mjini. Sisi tuliishi Ipogolo, chini kule ambako barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita karibu na Mto Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa umekaa juu ya mwinuko, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kutoka Ipogolo kwenda mjini lazima upande, upende usipende. Mshahara wa kwanza ulikuwa haujaingia. Nauli ya daladala ingetoka kwa shangazi, naye alikuwa ameshanisomesha kwa cherehani yake, nguo moja ya shule baada ya nyingine, kwa miaka mingi. Niliona haya kumwomba tena. Ndipo nikaitoa stoo Phoenix ya marehemu, baiskeli ya kiume yenye bomba la juu, nikaipeleka kwa fundi akaifunga tairi la nyuma na kuitia grisi. Kava ya cheni ilikuwa imeng'oka zamani.

Sikujua kwamba kazi kubwa ingekuwa kuvaa.

Wasioijua Iringa ya Julai hudhani Tanzania yote ni joto. Alfajiri ile ya saa kumi na mbili na nusu jua bado halijachomoza, upepo unateremka kutoka juu kana kwamba kuna mtu anaumwaga, na vidole vinakataa kukunjika kwenye breki. Kwa hiyo siku ya kwanza nilivaa kama anavyovaa mtu anayeogopa baridi: fulana, blauzi, sweta, na juu yake lile koti la marehemu. Nusu ya mlima nilikuwa nachemka ndani. Sikusimama kuvua kwa sababu nilikuwa nachelewa. Nilifika shuleni na blauzi imenata mgongoni, nikaingia darasani hivyo hivyo, na ubaridi wa lile jasho haukuniachia hadi mapumziko ya saa nne. Pamba ina tabia hiyo: inanyonya jasho vizuri sana, kisha inang'ang'ania nalo, na jasho likianza kukauka linakauka kwa joto la mwili wako mwenyewe. Wiki hiyo nilikohoa hadi Ijumaa.

Wiki iliyofuata nilijaribu suruali, na hiyo ikanipa faraja ya siku mbili. Kisha nikajaribu sketi na kitenge nimejifunga juu yake. Upepo ukakichukua kitenge, kikaingia kwenye spoku, na nikaanguka kandoni mwa barabara wakati lori la Zambia linapita likipiga honi ndefu. Sikuumia sana. Goti lilichubuka, na pindo la sketi yangu nzuri likabaki na mistari myeusi ya oili ambayo haikutoka kwa sabuni ya mche wala kwa majivu.

Jumatano ya wiki ya tatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba kesho wakaguzi wanakuja, na asingependa wamkute mwalimu wa kike amevaa suruali, wala aliyeloa mgongo. Kuhusu suruali sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani. Mwanamke aliyevaa suruali ya heshima na kufika darasani kwa wakati hajamkosea mwanafunzi yeyote. Lakini kuhusu mgongo alisema kweli. Nilikuwa nimefundisha siku kadhaa nimebana mkono wa kulia ubavuni ili watoto wasione kwapa lililoloa, na mwalimu anayefundisha hivyo hawezi kuandika juu ya ubao. Anaandika katikati tu, na watoto wa nyuma hawaoni.

Jioni ile, nikiwa nashuka kwenda nyumbani, nilimkuta mzee mmoja muuza maziwa amesimama kwenye kona anakaza kamba za mpira zilizofunga madumu yake. Nilikuwa namwona kila asubuhi. Yeye hupanda akisukuma baiskeli yenye madumu mawili yaliyojaa, amevaa shati tu, vifungo viwili wazi, na koti lake amelifunga juu ya dumu. Nilikuwa nadhani hana akili ya kuogopa baridi. Siku hiyo nilisimamisha baiskeli, nikamwamkia, nikamuuliza.

"Kamwene, mwalimu," akasema, kisha akacheka kidogo. "Wewe unavaa baridi ya nyumbani. Mlima una baridi yake. Ukitoka mlangoni inatakiwa utetemeke kidogo, na ukifika kona ya pili mwili unakuwa sawa. Ukitoka una joto, umeshakosea."

"Na koti?"

"Koti ni la kushukia. Nikimaliza maziwa, mwili umepoa, upepo unanikuta kifuani. Hapo ndipo navaa koti, na ndani ya koti naweka gazeti." Akafunua kifua chake akanionyesha. Gazeti zima, limelala bapa kati ya shati na koti, limeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba waendesha baiskeli wa Tour de France nao, kabla hawajaanza kushuka milima ya Alps, hupokea magazeti kutoka kwa watu waliosimama kandoni na kuyasokomeza vifuani, kwa sababu hiyo hiyo: karatasi inazuia upepo na haina uzito. Nilifurahi sana kulisoma hilo. Mzee wangu wa Ipogolo hakuwa amewahi kusikia habari za mashindano yale.

Nilipomweleza shangazi maneno ya mzee, aliweka taa juu ya meza ya cherehani na kuanza kuzipunguza nguo pale kitandani. Koti akalirudisha kwenye msumari. Blauzi nyeupe ya mikono mirefu akaitenga: "Hii utaivaa kule kule shuleni." Fulana ya zamani ikawekwa upande wa kupandia. Sweta la kijani nalo likabaki, ila si la kuvaa wakati wa kupanda. Nifunge mikono yake kiunoni. Kisha akaishika sketi yangu ya kahawia, ile pana, iliyokuwa na mistari ya oili kwenye pindo, akaninyooshea kiti kigumu cha jikoni.

"Kaa. Inua goti la kulia. Sasa la kushoto. Kanyaga kama unavyokanyaga."

Nilikanyaga hewa huku yeye akinizungushia futi, na hapo ndipo nilipoona ufundi wake kwa macho mapya. Nilikuwa nimepimwa na shangazi mara mia maishani, na kila mara nilisimama wima kama mlingoti. Safari hii hakutaka vipimo vya mtu aliyesimama. Alipima kutoka kiunoni hadi gotini nikiwa nimelikunja, akapima mgongo nikiwa nimeinama kushika usukani wa kufikirika, na akaguna alipoona jinsi sweta linavyopanda na kuacha kiuno wazi. "Kumbe ndiyo maana unakohoa," akasema.

Akaipasua sketi katikati, mbele na nyuma. Nilifumba macho, ilikuwa moja kati ya mbili nilizokuwa nazo. Akashona kila upande kama mguu wa suruali pana, na kati ya miguu akatia kipande cha pembe nne ili mshono usivutike wala usikae pale ninapokalia. Halafu mbele na nyuma akaweka rinda kubwa lililofunika mpasuko wote. Ukisimama, ni sketi. Ukipanda baiskeli, kila mguu una nyumba yake na hakuna cha kupeperuka. Pindo akalikata pale penye oili, likaishia chini kidogo ya goti, mbali na cheni. Sweta akaliongezea ukanda wa kitambaa kwa nyuma, na juu ya ukanda huo akashona utepe mpana mweupe uliokatwa kwenye mfuko wa unga wa ngano.

"Huu wa nini, shangazi?"

"Wa malori," akajibu, bila kuinua macho. "Wewe unawaza wakaguzi. Mimi nawaza dereva aliyetoka Tunduma hajalala." Kisha akaongeza kwamba sweta nilizungushe nikilifunga kiunoni ili utepe ukae nyuma, uonekane.

Sikuwa na jibu. Tangu nianze kuendesha alikuwa hajasema neno moja dhidi ya ile baiskeli, nami nilikuwa nimeuchukua ukimya wake kuwa ni ridhaa. Kumbe kila alfajiri alikuwa akilala macho wazi mpaka honi zipungue barabarani.

Sketi ya namna ile haikuwa uvumbuzi wake, na wala asingedai hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Uingereza waligombana na watu wazima wenye akili zao juu ya jambo hilo hilo. Mwaka 1898 Lady Harberton, aliyefika hotelini kwa baiskeli akiwa amevaa suruali pana zilizofungwa chini ya magoti, alikataliwa kuhudumiwa katika chumba cha kulia cha heshima. Kesi ikaenda mahakamani mwaka uliofuata, na upande wake ukashindwa. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria mwalimu mkuu wangu, lakini zaidi nilimfikiria shangazi, aliyelimaliza shauri kama lile kwa mkasi, kwa usiku mmoja, ili kesho yake mimi niende kazini.

Tulilala saa saba. Asubuhi nilitoka na fulana tu na sketi mpya, raba miguuni, sweta kiunoni, nikitetemeka kweli. Shangazi alisimama mlangoni amejikunyata ndani ya khanga mbili na hakuniambia nivae. Nadhani lilimgharimu. Kwenye karia kulikuwa na mfuko wa rambo: viatu vyeusi, kitambaa cha kujifutia, na blauzi iliyoviringishwa ndani ya gazeti badala ya kukunjwa, ili isipate mistari.

Kona ya kwanza niliijutia. Kwenye kona ya pili, kama alivyosema mzee, mwili ukawa sawa. Nilimpita na madumu yake, akanitazama kiunoni, akatazama ile fulana, akainua kidole gumba bila kuacha kusukuma. Magoti yalikuwa yanapanda na kushuka bila kuvuta kitu chochote. Kwa mara ya kwanza tangu nianze safari zile niliweza kutazama mbele badala ya kutazama pindo.

Nilifika saa moja na dakika kumi. Kwenye stoo ya vifaa vya michezo nilijifuta, nikavua fulana iliyoloa, nikatulia kama dakika tano jasho liishe kabisa, kwa sababu ukivaa blauzi kavu kabla mwili haujapoa umefanya kazi bure. Kisha nikavaa. Blauzi haikuwa na mkunjo hata mmoja. Gazeti nililikunja vizuri nikalirudisha mfukoni. Nilikuwa nalihitaji jioni.

Wakaguzi wawili waliingia darasa la tano kipindi cha pili, hisabati. Waliomba andalio la somo na azimio la kazi, wakaketi nyuma. Nilikuwa nafundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilinyanyua mkono nikaandika tarehe juu kabisa ya ubao, kwenye kona ambayo tangu niripoti sikuwahi kuigusa, na nikasikia mtoto mmoja wa dawati la nyuma akimnong'oneza mwenzake, "Leo naona." Ubao ulijaa kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyesema lolote kuhusu sketi yangu: si wakaguzi, si mwalimu mkuu aliyepita dirishani mara mbili. Nilipita kati ya madawati nikiwa mkavu, nikiinama kwenye kila daftari nililotaka kuinamia.

Jioni nililiweka gazeti kifuani, nikavaa sweta juu yake, na kuuteremka mlima. Upepo ulikuwa ule ule. Ulinipiga mikononi, ukanipiga usoni, lakini kifuani haukuingia. Gazeti lilikuwa linachakacha kila nilipopumua.

Shangazi hakuniuliza kwanza habari za wakaguzi. Aliwasha chemli, akaniambia nisimame karibu, akapiga magoti na kuanza kulipitia pindo la sketi kidogo kidogo, vidole vyake vikiligeuza nje ndani. Upande wa kulia, kwa nyuma, alikuta doa jeusi lisilozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

"Hapa imegusa," akasema. "Ivue. Tutapandisha kidole kimoja."