Nilivyopanga GET, POST na PUT kwenye mfumo wa kupokea parachichi Rungwe

Mfumo wenyewe ni mdogo. Karani anapima kreti za parachichi kituoni, anaingiza kilo kwenye simu, seva inahifadhi, mkulima anapewa risiti. Nimetumia Node (inayoendesha JavaScript kwenye seva), Express (fremuweki yake ya kupokea maombi) na PostgreSQL (hifadhidata). Kuhifadhi kilo ni kazi ya asubuhi moja. Kila ombi la simu kwa seva lina methodi yake: GET ya kusoma, POST ya kuunda kipya, PUT ya kuweka kitu kwenye anwani uliyoitaja. Kilichohitaji akili ni kuamua ombi lipi likirudiwa halina neno, na lipi likirudiwa mkulima analipwa mara mbili.

Mvua ikikaza, mtandao wa huko unakatika katikati ya kazi. Ombi linafika, seva inaandika, ila jibu halirudi. Karani anaona kiduara kinazunguka tu, anabonyeza tena. Ukiwa umetumia POST /mizigo, kila mbonyezo ni mstari mpya kwenye jedwali: kilo 84 zinageuka 168. Kukifunga kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza hakusaidii sana, kwa sababu mtu akichoka kusubiri anaupakia ukurasa upya.

Kwa hiyo kupokea mzigo nikakuhamishia kwenye PUT /mizigo/:id. Simu yenyewe inatengeneza UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) pale fomu inapofunguliwa, sio inapotumwa, na inaiweka kwenye localStorage (hifadhi ya brauza) mpaka jibu lirudi. Ukiitengeneza wakati wa kutuma, kila mbonyezo unapata namba yake na umerudi pale pale. Upande wa seva, id ni ufunguo mkuu wa jedwali, na INSERT (amri ya kuongeza mstari) inaishia na ON CONFLICT (id) DO NOTHING, yaani id ikiwa ipo tayari, isifanye kitu. Mstari ukiingia najibu 201 (namba ya HTTP ya "imeundwa"). Ukiwa ulishaingia, nalinganisha kilo: zikifanana 200 (sawa), zikitofautiana 409 (mgongano), karani aangalie. Marekebisho ya kilo yana PATCH yake (methodi ya kubadilisha sehemu tu), na sababu lazima iandikwe.

GET ibaki ya kusoma tu. Kiungo cha /mizigo/:id/futa kinavutia kwa urahisi wake, lakini kuna brauza zinazopakia viungo kabla hujavigusa, na kuki za karani, zinazomtambulisha kwa seva, zinakwenda humo humo, kwa hiyo mzigo unaweza kufutwa bila mtu kubonyeza. Kufuta kuna methodi yake, DELETE. Tatizo ni kwamba fomu ya HTML inajua GET na POST basi. Nikatumia kifurushi cha method-override, kinachobadilisha methodi ya ombi likifika kwenye seva: fomu inatuma POST ikiwa na sehemu iliyofichwa, _method yenye thamani DELETE. Mpangilio hapa ndio unaokwamisha wengi: express.urlencoded itangulie, method-override ifuate, ndipo ruta (njia za mfumo). Ukigeuza, req.body (data ya fomu) inakuwa bado tupu na ombi linabaki POST, bila kosa lolote kuonekana.

Baada ya POST ya kawaida, mfano kuingia kwenye akaunti, mpeleke mtu kwa res.redirect(303, '/mizigo'); 303 inaiambia brauza iende huko kwa GET. Usipotaja namba, Express inatumia 302. Njia ya /mizigo/mpya nayo iandikwe juu ya /mizigo/:id, la sivyo neno "mpya" litasomwa kama id.

Sasa 405, jibu la "methodi hii hairuhusiwi hapa". Express, methodi isipolingana na njia, inajibu 404, yaani inamwambia mtu njia haipo wakati ipo. Nilikusanya methodi za njia moja mahali pamoja:

router.route('/mizigo/:id').get(onesha).put(pokea).patch(rekebisha).delete(futa).all(kataa)

Fanksheni ya kataa inatoa 405 na kuweka heda (mstari wa maelezo ya jibu) ya Allow: GET, HEAD, PUT, PATCH, DELETE, OPTIONS. Bila Allow, hiyo 405 ina kasoro. Kanuni za HTTP zinaidai. HEAD (GET isiyorudisha mwili wa jibu, heda tu) huna haja ya kuiandika, Express inaipeleka kwenye get yenyewe. OPTIONS (ya kuuliza methodi zinazoruhusiwa) ndiyo yenye mtego: bila .all Express huijibu yenyewe, lakini ukishaweka .all inaangukia kwenye kataa. Kama ukurasa wako uko kwenye anwani tofauti na seva, brauza hutanguliza OPTIONS kabla ya PUT. Ikipata 405, PUT haitumwi kabisa, na kwenye kumbukumbu za seva huioni. Weka .options kabla ya .all, au ipachike cors (kifurushi cha kuruhusu maombi kutoka anwani nyingine) juu ya ruta zote.

Kupima, curl (programu ya kutuma maombi kwa kuandika amri) inatosha: curl -i -X PUT mara mbili kwa id ileile, lazima uone 201 kisha 200. Kwa HEAD tumia curl -I. Ukiandika -X HEAD, curl inaweza kukaa ikisubiri mwili wa jibu usiokuja, nawe ukadhani seva imeganda.