Tazama mguu unapoteleza

Video za roboti zikipiga sarakasi huwa naziangalia mara moja, basi. Ninayoirudia ni ile ya Februari 2016, Atlas, roboti yenye umbo la mtu ya kampuni ya Boston Dynamics, ikikatiza msitu wenye theluji. Wayo unateleza, kiwiliwili kinalala upande, unajua kabisa sasa inaanguka. Mara inapiga hatua fupi za harakaharaka, mguu ukiukimbilia uzito kule unakoelekea, mpaka inasimama wima na kuendelea na safari.

Kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Roboti za kizazi cha ASIMO, ya Honda ya mwaka 2000, zilitembea kwa kuhakikisha uzito hautoki nje ya eneo la wayo. Kwenye sakafu, sawa. Weka jiwe dogo chini ya ukingo wa wayo, na hesabu yote inavurugika.

Kwa hiyo nikisoma habari za roboti mpya nauliza kwanza kuhusu mota. Mota ndogo yenye gia nyingi ina nguvu, lakini mguu unakuwa mgumu kama mti, na kila jiwe linalogongwa linaumiza gia. Mota kubwa yenye gia chache hukubali kusukumwa: ardhi ikiurudisha mguu, kompyuta inahisi papo hapo kupitia umeme wa mota. Mota zenyewe ni bora zikae juu, karibu na nyonga, muundi ubaki mwepesi na kurushwa upesi pale hatua ya dharura inapohitajika.

Kamera nazo zinasifiwa kupita kiasi. Nyasi ndefu, theluji, maji ya matope, vyote huificha ardhi. Mwaka 2021 watafiti wa Oregon State University waliipandisha ngazi Cassie, roboti yenye miguu tu, isiyo na mikono, bila kamera yoyote. Ilikuwa imefunzwa ndani ya kompyuta kwenye ngazi za vimo mbalimbali, ikapapasa njia kwa miguu.

Na umbo la binadamu tusiliabudu. Mashindano ya roboti ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, ya 2015 kule Pomona, California, yaliyochochewa na maafa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mshindi wake alikuwa DRC-Hubo ya Korea Kusini, iliyopiga magoti na kubingirika kwa magurudumu. Wapo waliouita ujanja. Mimi naiheshimu sana: kwenye kifusi chenye watu chini yake, anayetakiwa ni anayefika.

Kilichobaki nyuma ni mikono. Mtu akishuka genge hushika mwamba, hushika mzizi, hata hukaa chini akajiburuta. Roboti nyingi bado zinashuka mikono ikining'inia tu.