Hesabu ya saa kumi na moja alfajiri

Kikohozi kilinianza nikiendesha daladala kwenye foleni ya Mbagala, gari limejaa mpaka mlangoni. Kuna mzee mmoja pale kijiweni anayejua kila kitu, kuanzia injini ya Kosta hadi ndoa za watu. Akanipa hukumu papo hapo: "Mwanangu, hilo vumbi. Kunywa maziwa, yanasafisha kifua."

Nikanywa. Asubuhi nusu lita, jioni nusu lita, yakikosekana freshi nanywa mgando. Pesa niliyoacha kwa muuza maziwa ingenunua mbuzi, tena mwenye mimba. Kifua hakikusafika. Kilichosafika ni tumbo. Mara mbili niliegesha gari na abiria wake pale Mtoni Mtongani nikakimbilia choo cha kulipia, huku konda akiwaambia watu dereva kaenda kutafuta chenji. Mwezi na nusu baadaye suruali ilikuwa inashikiliwa na mkanda tu, na usiku shuka linalowa jasho kama limeanuliwa kabla ya kukauka.

Tajiri wa gari alipoona hesabu, pesa ninayompelekea kila siku, inapungua, akampa funguo dereva mwingine. Nilipewa habari kwa simu. Pole sikupewa.

Aliyenikokota hadi kituo cha afya ni konda wangu, kijana ambaye kwa taratibu zetu mimi ndiye mkubwa wake. Muuguzi akanipa kikopo, nikatoka nje, nikatoa nilichoweza. Akakiinua kwenye mwanga. "Kaka, haya ni mate. Nataka makohozi, yatoke kifuani." Nikarudi. Mate tena. Kikohozi kilichonikeshesha wiki sita, siku ya kutakiwa kikaniruka! Konda akashika kiuno: "Dereva, abiria walikuwa hawasikii redio kwa ajili yako, leo umezima?" Nikacheka, kicheko kikaamsha kikohozi chenyewe, kikopo kikapata haki yake. Ukipewa kikopo, nenda na mtu wa kukuchekesha. Huo ushauri sijausikia kwa mwingine.

Jibu likaja: kifua kikuu. Kipimo bure, dawa bure. Ningejua, maziwa yangebaki kwa ng'ombe. Wakapima na watu wangu nyumbani: mke salama, watoto wakubwa salama, yule mdogo wa miaka mitatu akaanzishiwa dawa za kinga.

Kilo zangu zilikuwa 51, nikapangiwa vidonge vitatu kila siku. Matibabu miezi sita. Muuguzi alieleza mengi wakati mimi nawaza gari langu linaendeshwa na nani, kwa hiyo siku iliyofuata nikapiga kelele chooni: "Mama watoto, nakojoa damu!" Akaja mbio, akachungulia, akaguna. "Si tuliambiwa dawa inageuza mkojo rangi ya chungwa? Wewe ulikuwa wapi?"

Kituoni wanataka uwe na mtu wa kukusimamia unapomeza, na mke wangu akaishika kazi hiyo kama tajiri wa daladala. Saa kumi na moja alfajiri, tumbo tupu, kasimama mlangoni na kikombe cha maji: "Leta hesabu." Nameza, nafungua mdomo, anakagua hadi chini ya ulimi, ndipo anatia alama kwenye kalenda. Siku moja nikasema nina kichefuchefu, nitameza mchana. Akaniuliza, "Kwani tajiri wako ulikuwa unampelekea hesabu nusu?" Nilikuwa nampelekea, lakini sikuona haja ya kuliongelea.

Hatari ilikuja mwezi wa pili wa dawa. Makohozi yakapimwa, hayana kitu, nguvu zimerudi, na mzee wa maziwa akanishauri nipumzishe ini. Nikashawishika, nisifiche. Nilipoligusia nyumbani, mke wangu hakubishana. Alimpigia mama yangu kule Newala, akanipa simu. Kilichosemwa kitabaki kati yangu na mama, ila kesho yake nilimeza kabla kikombe hakijafika.

Tulikula nini? Unga na korosho za mama. Kodi alilipa shemeji, sijui aliitoa wapi. Madereva walichangishana, na kila Jumamosi konda analeta bahasha: mara elfu thelathini, mara kumi, wiki moja elfu mbili na fungu la mihogo. Mwezi wa tano wa dawa wakaanza kuniachia deiwaka, yaani kushika gari la mwenzio kwa muda, tripu mbili tatu. Nilimaliza dozi nikiwa na kilo 62, na mmoja wao akanidhamini kwa tajiri mwingine, ruti ya Gongo la Mboto.

Sasa nina sheria moja: madirisha wazi, joto au manyunyu. Juzi mama mmoja ametoka saluni akalifunga la kwake. Nikamwomba alifungue. "Dereva, unajua nywele hizi shilingi ngapi?" Nikamwambia za kwangu zilikuwa lita arobaini za maziwa. Hakunielewa, ila alifungua.