Pongala ya Attukal: chungu kinapongojwa kifurike

Kwetu Tanga, chungu kikifurika kinazima moto na mpishi anasemwa. Februari 2019, huko Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala, kusini mwa India, nilichuchumaa kando ya barabara pamoja na mama mwenye nyumba niliyopanga wakati wa masomo, niliyemwita Amma, tukikingoja kifurike. Ilikuwa siku ya tisa ya sikukuu ya siku kumi ya hekalu la Kihindu la Attukal. Siku hiyo, ambayo ndiyo Pongala, wanawake peke yao humpikia Bhagavathi, mungu wa kike wa hapo, wali mtamu wa sukari guru. Mwaka 2009 Guinness, watunza rekodi za dunia, waliandika kuwa walifika wanawake milioni 2.5. Ukiwa umekaa chini ndani ya moshi, hesabu hiyo huioni. Unaona mafiga yako, ya jirani, na mgongo wa aliye mbele.

Mafiga yenyewe ni matofali matatu. Yalipangwa tangu jana yake na kuandikwa jina kwa chaki, maana nafasi hugombewa. Kuni ni mnazi mtupu. Makuti huwaka fyuu na kwisha, kwa hiyo ni ya kuwashia tu. Makumbi hufuka na kukutoa machozi. Karara kavu ndiyo yenye mwali mrefu wa kutosha kuchemsha, na Amma aliificha nyuma yake isije ikaombwa ovyo. Nguo ni pamba, ncha zimefungwa kiunoni. Ukiwa na mafiga mbele na mafiga nyuma, kitambaa cha nailoni ni hatari tupu.

Chungu kipya kilikuwa kimelala majini usiku kucha. Kisicholowekwa, kikikutana na mwali mkali hupasuka kitako. Dada wa kushoto yalimkuta hayo: maji yalimwagikia moto wake, akabaki kuokota mchele majivuni hadi jirani mmoja alipomwazima sufuria.

Vipimo vyetu vilikuwa nusu kilo ya mchele mweupe, sukari guru robo tatu kilo, nazi moja ya kukuna, samli vijiko vitatu vikubwa, iliki, korosho na zabibu kavu. Kazi iko kwenye kulinganisha mchele na chungu. Kikiwa kikubwa mno, povu hufa kabla halijafika mdomoni. Amma alijaza maji hadi shingoni, akabakiza nafasi ya vidole viwili.

Hakuna anayejiwashia kiberiti. Baada ya saa nne asubuhi kuhani huchukua moto kwenye taa ya ndani ya hekalu, akawasha jiko kuu la hapo, kisha moto hutoka figa hadi figa, mama akimpa mama kuti linalowaka, kilomita kadhaa mjini. Ngoma na fataki zilitujulisha kwamba umeshatoka, lakini ulikawia kutufikia. Nilipenda kuungoja. Upande wa Manacaud, mtaa wa karibu na hekalu, msikiti hufungua uwanja wake kwa magari ya mahujaji na kuwagawia maji, na hakuna anayeona ni ajabu.

Maji yalipochemka, mchele uliooshwa ukaingia. Povu jeupe lilipanda taratibu, likavimba ukingoni kama linasita, halafu likateremka upande wa mashariki, upande wa heri. Amma akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia.

Sukari guru haiingii hapo. Ukiitia mapema mchele unakakamaa na hauivi tena hata uchochee vipi. Kwanza punje ivunjike kwa vidole. Ndipo sukari iliyokwisha yeyushwa na kuchujwa inamiminwa. Usipoichuja utatafuna mchanga na vipande vya miwa. Toka hapo kuni zinavutwa nje, na upawa hautoki chunguni, la sivyo ni ukoko. Nazi na iliki huja mwishoni, pamoja na samli iliyokaangiwa korosho na zabibu.

Nilinyoosha kidole kwenye upawa.

"Mwanangu, usionje! Bado si ya kwetu."

Si ya kwetu hadi makuhani wapite wakinyunyiza maji matakatifu, na hao walifika saa nane na kitu. Chungu kilifunikwa jani la mgomba, jua likatuchoma, ndege ndogo ikamwaga maua juu ya mji. Halafu ghafla kila mtu alikuwa amesimama na chungu chake, na njia ya kituo cha basi ikafunga kabisa. Matofali huachwa hapohapo. Manispaa huyakusanya yakajengee nyumba za wasiojiweza.

Nyumbani wali ulikuwa umeganda. Amma aliulegeza kwa maji moto kidogo, si maziwa, akatuma bakuli kwa majirani kabla ya magharibi. Wenye nazi ya kukuna haulali kwenye joto lile. Asubuhi unakuta umechacha.