Jinsi Ninavyoipima Fedha ya Watuareg kwa Maji

Nilipohamia Niamey, mji mkuu wa Niger, kikazi nilianza kununua vito vya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, na muda si mrefu nikawa na kisanduku kizima cha misalaba ya Agadez, pete, hereni na hirizi ambazo kila muuzaji aliniapia kuwa ni fedha tupu. Baadhi vilikuwa fedha kweli. Vingine vilikuwa alpaka, yaani mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli usio na hata chembe ya fedha, ingawa unapokuwa mpya hung'aa karibu sawa na fedha yenyewe. Nilitaka njia ya kuvitenganisha bila kuvikwaruza wala kuvitia tindikali, na baada ya kujaribu hili na lile nimebaki na mizani ndogo na kikombe cha maji.

Vipimo vinavyopendwa zaidi sokoni ndivyo nilivyoviacha mapema. Sumaku hainasi fedha, lakini hainasi alpaka pia, licha ya nikeli iliyomo, kwa hiyo kazi yake inaishia kwenye chuma. Muhuri wa 925, yaani sehemu 925 za fedha kati ya 1,000, unaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, na kwa upande mwingine vito vingi vya zamani, ambavyo ndivyo bora, havina muhuri wowote kwa sababu wahunzi wa Watuareg, wanaoitwa inadan, walifanya kazi yao jangwani mbali na ofisi yoyote ya ukaguzi wa madini. Hata hiyo 925 yenyewe si kipimo chao cha asili. Mali ghafi yao kwa muda mrefu ilikuwa sarafu za kuyeyusha, ikiwamo riale ya Maria Theresa, ileile iliyotumiwa na wafanyabiashara wa Unguja na pwani yetu katika karne ya 19, ambayo hadi leo hugongwa ikiwa na mwaka wa 1780 na ambayo fedha yake ni sehemu 833 kati ya 1,000. Mtu anayedai 925 katika kito cha kale anaweza kukitupa kito halali kabisa.

Kipimo cha maji kinategemea jambo moja: kila sentimita ya ujazo ya fedha safi ina uzito wa gramu 10.5 hivi, fedha ya riale hukaribia gramu 10.2, na alpaka huwa karibu na gramu 8.7. Pengo hilo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwenye mizani ya kawaida ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Kwanza ninapima kito kikiwa kikavu. Kisha ninaweka kikombe cha maji juu ya mizani, ninairudisha mizani sifuri, na kukining'iniza kito kwa uzi mwembamba hadi kizame chote bila kugusa ukingo wala kitako cha kikombe. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, namba hiyo ndiyo ujazo wa kito. Kilichobaki ni kugawanya.

Msalaba wangu ninaoupenda kuliko yote, wenye pete juu, tumbo la umbo la almasi na ncha zake zilizotiwa nakshi kwa tindo, ulikuwa na gramu 21.42 ukiwa mkavu na ukasukuma gramu 2.10 za maji. Jibu ni 10.2. Mwingine, niliouzwa kwa bei ileile, ulitoa gramu 19.05 kwa 2.19, yaani 8.7, na hapo hapakuwa na la kujadili. Tone la sabuni ya vyombo ndani ya maji ni la lazima, kwa sababu viputo vya hewa hujificha kwenye nakshi, huongeza ujazo na kuisingizia fedha halali kuwa ni alpaka.

Njia hii haifai kwa kila kito. Tcherot, kile kisanduku bapa kinachobeba aya za Kurani, kina uwazi ndani, na hata kama kingekuwa kitupu nisingethubutu kukizamisha. Pete yenye akiki na hereni zenye mpingo nazo hupotosha hesabu. Kwa vitu hivyo ninaweka kipande cha barafu juu ya bamba: fedha hupitisha joto haraka mno na barafu huanza kuyeyuka papo hapo, ilhali juu ya alpaka hujivuta. Shaba nayo hupitisha joto vizuri, kwa hiyo barafu hunipa dalili tu, nami hutazama pia mahali palipochakaa, ambapo rangi nyekundu ya shaba iliyopakwa fedha hujitokeza.

Baada ya kuvipanga hivyo sikuvitupa vile vya alpaka. Niliwahi kukaa kwenye karakana iliyomo ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Taifa ya Boubou Hama, nikamtazama mhunzi akichonga msalaba kwa nta ya nyuki, akiufunika kwa udongo, akiupasha moto hadi nta imwagike, kisha akimimina madini yaliyoyeyuka. Kalibu huvunjwa ili kito kitoke, kwa hiyo kila msalaba huanza upya kwenye nta, na jasho la tupa na tindo ni lilelile madini yawe yapi. Ninachokataa ni kulipia alpaka kwa bei ya fedha. Siku hizi ninamwomba muuzaji anitajie bei mbili, ya madini kwa gramu na ya kazi ya mkono, ndipo tuanze kupatana. Anayejua alichokileta hukubali bila kusita, na mara nyingi yeye mwenyewe huagiza maji.