Usiku Tuliolala Juu ya Maji ya Lamu

Ilikuwa likizo ya Desemba, kaskazi imeshika sawasawa, nami na binamu yangu wa Mombasa tukamwomba mjomba wetu atupeleke tukalale kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mjomba ni mvuvi, na Shela ndiko alikozaliwa. Alikubali, ila akasema huko hukaliwa kwa adabu. Adabu gani, hakutuambia.

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela kwa njia ya ufukoni ni kama kilomita 3, na bahari ikijaa njia hufunikwa. Tuliondoka maji yakipwa. Tukaupita msikiti wa Ijumaa wa Shela, uliojengwa 1829, na mnara wake mweupe, kisha ufuko ukafunguka mbele yetu, wenye urefu wa kilomita kama 12 kuelekea upande wa Kipungani. Nyuma ya ufuko mchanga umeinuka kilima juu ya kilima, na chini yake mlakasa umetambaa na maua yake ya zambarau.

Binamu alikuwa na hema jipya na vigingi vyake vya chuma. Mchanga mkavu haushiki kigingi: upepo ulipopiga, vilichomoka kimoja baada ya kingine. Mjomba akatoa viroba vitupu alivyokuja navyo, akatujazisha mchanga, akakifunga kila kimoja katikati kwa kamba ya hema, akakifukia kina cha dhiraa nzima. Kisha akaishika kila kamba akaivuta kwa uzito wake wote. Mlango wa hema akauelekeza kusini-magharibi ili kaskazi itupige kisogoni. Tulikuwa chini ya kilima, juu kidogo ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, na usiku kucha hema halikutikisika.

Jua lilipoanza kuchwa, binamu alichukua koleo akaanza kupanda kilimani kutafuta pa kuchimba choo. Mjomba akamwita.

"La, baba, huko siko. Hapo chini ndipo tunapokunywa."

Tulikaa kwenye mkeka, samaki wakichomeka na mkate wa mofa ukipita mikononi, akatueleza. Mvua ikinyesha juu ya vilima hivi haitiririki kwenda baharini. Mchanga huinywa yote, ikashuka taratibu huku ikichujika, mpaka ikakaa chini juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Visima vilivyochimbwa huku Shela ndivyo vinavyoupa mji wa Lamu maji. Vikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Na kilima kikihamishwa au kikijengwa juu yake, mvua haina tena pa kuingilia. Uchafu nao hushuka kwa njia ileile ya mvua, ndiyo maana alitukataza hata kuogea sabuni huko juu.

Nimelala kambi nyingi tangu hapo, na sijaona mahali pengine ambapo mtu anatandika mkeka wake juu ya maji ya kunywa ya mji mzima. Wageni wengi hupanda vilima vile, wakapiga picha na kushuka bila kuambiwa. Naona hilo lingekuwa jambo la kwanza kuambiwa.

Usiku alitusimulia vita vya Shela, vya miaka ya 1812 hivi, Pate na Mazrui wa Mombasa walipokuja kuipiga Lamu. Waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani, wakauawa papo hapo ufukweni. Marehemu baba yake alikuwa akimwambia kwamba upepo ulikuwa ukifunua mifupa katika vilima hivi. Binamu alisogeza mkeka wake karibu na wangu.

Alfajiri, baada ya swala, tulipanda kilele. Mchanga ulikuwa baridi, umechorwa nyayo za kaa. Upande mmoja bahari; upande wa pili, kijani cha mitende na paa za Shela, na nyumba mpya zilizokuwa zikipanda kuelekea vilimani. Mjomba alizitazama muda mrefu.

Wakati wa kurudi tuliwakuta vijana wakijaza mchanga kwenye shogi za punda, chini kabisa ya kilima. Mjomba aliwasalimu, wakaitikia kwa heshima. Hakuwagombeza. Aliwauliza kwao ni wapi na nyumbani wanachota maji wapi, mmoja akajibu kwamba wanakinga bombani. Basi akaanza kuwaeleza kama alivyotueleza sisi, tangu mvua mpaka kisimani. Punda walipoanza kwenda akaenda nao, akizungumza huku ameweka mkono juu ya shogi, na hema na madumu tukayabeba mimi na binamu mpaka Shela.